Kutorudi Si Kufika

Neno ridhaa lina kazi mbili katika Kiswahili. Ya kwanza ni kukubali kwa moyo bila ya kulazimishwa. Hiyo ndiyo ridhaa aulizwayo bibi harusi kabla ya ndoa kufungwa. Ya pili ni kutenda jambo bila ya kutaraji ujira. Hiyo ndiyo ridhaa ya bondia asiyelipwa na ya mcheza mpira wa mtaani. Lugha ilipotafuta jina la watu wanaojenga mitambo ya redio majumbani mwao na kuzungumza na walimwengu kwa mapenzi tu, ikawaita watu wa redio ya ridhaa. Yumkini haikukusudia zaidi ya ile maana ya pili. Lakini mwenye kuitazama kazi hiyo kwa karibu, hasa ile sehemu yake ndogo ya kuunganisha mtambo na antena, ataona kuwa maana ya kwanza nayo imo, tena ndiyo iliyobeba suala zito. Vitu viwili visivyofanana huridhiana vipi? Na ni kwa dalili gani mtu ataamini kwamba vimeridhiana kweli?

Watu wa redio ya ridhaa si watangazaji. Kila mmoja wao ana leseni, ana herufi zake za kujitambulisha, na husema na mwenziwe ana kwa ana, ijapokuwa baina yao pana bahari. Zama za Waingereza, Zanzibar ilijulikana hewani kwa herufi VQ1 na Tanganyika kwa VQ3. Tanzania ya leo hutambulika kwa 5H, na leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Kanuni za Redio za Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano zimewawekea masharti ambayo mshairi atayapenda: wasizungumze isipokuwa mambo yanayohusu ufundi wao na mambo yao binafsi yasiyokuwa ya biashara, na wala wasiyafumbe maneno yao kwa nia ya kuficha maana. Ni uwanja wa mazungumzo ya wazi, yasiyouzwa. Kwa hiyo kinachotafutwa hapo ni kimoja tu, nacho ni kwamba sauti iliyotoka huku ifike kule.

Sauti haifiki kwa kutamaniwa. Achukuliwe mwenye leseni mmoja anayeishi Babati. Jina lake halina haja, maana anaweza kuwa yeyote. Babati ni makao makuu ya Mkoa wa Manyara, mkoa uliomegwa kutoka Arusha mwaka 2002. Mji upo kiasi cha kilomita 170 kusini-magharibi mwa mji wa Arusha, juu ya ile barabara kuu ya kale inayoshuka Kondoa na Dodoma. Una Mlima Kwaraa upande mmoja na ziwa lenye viboko upande wa pili. Hapo hakuna duka linalouza vifaa vya redio ya ridhaa. Mwenye kukitaka kifaa hukiagiza kutoka ng'ambo na kukingoja, au hukitengeneza. Mtu wa mfano wetu anatengeneza.

Anataka kuzungumza katika masafa ya megahezi 7 na kidogo, ambako wimbi moja lina urefu wa mita 40 hivi. Kwa kawaida mchana masafa hayo huweza kumfikisha Arusha, Dodoma au Nairobi, na usiku huweza kuvuka bahari. Antena yake ni nusu ya wimbi, yaani waya wa mita 20 na ushei. Nyumba ipo pembeni mwa kiwanja na mti upo upande wa pili; hivyo waya unaanzia ukutani na kuishia mtini, na umeme wa redio hauna budi kuingilia nchani mwake. Hapo ndipo penye mzozo. Mtambo wake na kebo yake vimeumbwa kwa ukinzani wa omu 50. Ncha ya waya wa nusu wimbi ina ukinzani wa omu elfu mbili na zaidi. Kebo inazungumza kwa mkondo mkubwa na msukumo mdogo. Ncha ya waya inafahamu msukumo mkubwa na mkondo mdogo. Vyote viwili ni shaba, vyote viwili vimebeba umeme ule ule, lakini havifahamiani.

Mkaazi wa pwani hana haja ya hesabu ili kufahamu yanayofuata. Wimbi la bahari lina hatima tatu. Likipiga ukuta wa gati, hurudi lilikotoka. Likipanda ufuko wa mchanga wenye mteremko mpole, humezwa, na nguvu zake zikaishia katika msukosuko wa povu na chembe za mchanga. Likikuta mlango baina ya miamba, hupita na kwenda kuinua ngalawa upande wa pili. Kurudishwa, kumezwa, kupitishwa: hakuna la nne. Na aliye baharini, aliyelisindikiza wimbi kwa macho kuelekea nchi kavu, anaweza kuona jambo moja tu kwa yakini, nalo ni kama wimbi limerudi au halikurudi. Baina ya kumezwa na kupitishwa, yeye akiwa mbali, hana pa kutafautishia.

Mtu wa Babati akiifunga kebo yake ya omu 50 moja kwa moja katika ncha yenye omu 2,450, atakuwa amelipeleka wimbi kwenye ukuta wa gati. Katika kila wati 100 zifikazo kwenye ncha hiyo, 92 hivi hugeuka nyuma. Mita yake, ile ambayo mafundi huiita kwa herufi SWR na ambayo hupima kinachokwenda na kinachorudi, italalamika papo hapo. Mtambo nao ukihisi marejeo hayo hupunguza nguvu ili usiungue. Hapo panahitajika mpatanishi.

Mpatanishi huyo ni kitu kidogo kinachotosha kiganjani. Ni duara ya feraiti, ile aina nyeusi ya kauri yenye chuma ndani yake, iliyoviringishwa waya wa shaba wenye vanishi. Waya huo hupatikana kwa mafundi wanaosuka upya mota zilizoungua, ambao huuita kopa. Upande wa kebo huviringishwa mara 2. Upande wa antena mara 14. Kumi na nne kwa mbili ni saba, na kwa kuwa ukinzani hufuata kipeo cha pili cha uwiano huo, saba mara saba ni 49. Na 50 mara 49 ni 2,450. Huongezwa kapasita ndogo ya pikofaradi 100 hivi upande wa kebo, viungo vikalehemiwa, na kazi nzima ikatiwa ndani ya kopo la plastiki lililozibwa barabara ili mvua isiingie. Kopo hufungwa pale pale ukutani ambapo waya unaanzia, mbali na nyaya za umeme wa mtaa na juu ya mkono wa mtoto, kwa sababu mtambo wa wati 100 huifanya ncha hiyo iwe na volti karibu 500. Mita ikitazamwa tena, sindano inalala. Hakirudi kitu.

Wasomaji wengi wamewahi kuishi na ndugu wa kifaa hiki pasi na kumjua. Zama za televisheni za kioo kizito, watu walipoteremsha waya bapa kutoka antena ya paani, palikuwa na kidude kidogo cha kuchomeka nyuma ya televisheni, chenye skurubu mbili upande mmoja na tundu upande wa pili. Kazi yake ilikuwa kuupatanisha waya wa omu 300 na tundu la omu 75. Kikipotea, picha hujaa chenga. Nyumba nzima ikakitafuta chini ya makochi bila ya mtu kujua jina lake. Ndiyo desturi ya wapatanishi: hutambulikana siku wakosekanapo.

Sasa mafunzo yake. La kwanza ni lile linalofurahisha. Katika upatanisho huu hakuna aliyelazimishwa kugeuka. Kebo imebakia na omu zake 50, antena imebakia na elfu mbili na ushei. Wapo wadhanio kuwa maelewano ni kufanana, na kwamba watu wawili hawawezi kusikilizana mpaka mmoja aache alivyo awe kama mwengine. Duara ya feraiti inawakanusha. Yenye kubadilika si dhati ya pande mbili bali ni namna ya kufikishiana: msukumo mdogo uliotoka huku unawasili kule ukiwa mkubwa, na mkondo mkubwa unawasili ukiwa mdogo, na kazi iliyobebwa ni ile ile. Mshenga mwema hufanya hivyo hivyo. Maneno yaliyotoka nyumba ya mume kwa ukali huyafikisha nyumba ya mke kwa upole, lakini posa ni ile ile, mahari ni yale yale, na hakuna neno la sharti lililodondoka njiani. Tena njia yake ni ya pande mbili. Antena iliyopatanishwa kwa kusema huwa imepatanishwa kwa kusikiliza pia, kwa kifaa kile kile na kwa kiasi kile kile. Mshenga apelekaye maneno asiyerudisha jawabu hakutumwa kuposa, ametumwa kutangaza.

Funzo la pili ni la mahali. Wapo wapendao kumweka mpatanishi mezani, karibu na mtambo, kwa sababu ni rahisi kumfikia kwa mkono. Mita iliyo baina ya mtambo na kifaa hicho itatulia, mtambo utaridhika, na mwenyewe atasema mambo yamekaa sawa. Kumbe ugomvi haukuondoka. Umehamishiwa ndani ya kebo, ambamo mawimbi yanakwenda na kurudi baina ya kuta mbili, na kila safari kebo inakula chembe yake. Kifaa kilicho mezani kimeituliza nafsi ya mwenye mtambo. Hakikuifikia ncha ya waya. Mpatanishi wa haki hukaa pale tafauti ilipo. Akikaa karibu na mwenye nguvu, kazi yake itakuwa kumficha mwenye nguvu asione malalamiko.

Funzo la tatu ndilo zito. Kila mpatanishi hula. Hata duara iliyochaguliwa vyema na kusukwa kwa uangalifu, kwa kawaida hugeuza asilimia 10 hadi 20 ya inachokipokea kuwa joto. Hiyo ni haki yake. Hakuna kazi isiyokuwa na jasho. Tatizo ni duara isiyofaa. Ndani ya kompyuta kuukuu zilizotupwa mna duara za rangi ya njano na nyeupe, nzuri kwa macho na za bure, na fundi mwenye haraka hushawishika kuzitumia. Zimetengenezwa kwa kazi nyengine, ya masafa ya chini. Katika masafa ya redio zinameza. Naye akizitumia, mita yaweza kutulia vizuri kabisa. Hakirudi kitu, kwa sababu kinachokwenda kinaishia katika duara, nayo inawaka moto ndani ya kopo lake lililozibwa. Hali ni hiyo hiyo kwa kebo iliyooza. Kebo inayokula tisa ya kumi ya kila kinachopita ndani yake, ikikatwa antena yote na kubakia ncha tupu, itarudisha sehemu moja tu ya mia. Na mita iliyo mezani itasema kuwa mambo ni mazuri mno. Kadiri njia inavyooza ndivyo khabari za mita zinavyopendeza.

Na upo mfano ulio mkubwa kuliko yote. Mafundi wa redio wana kifaa wanachokitumia kujaribia mitambo pasi na kuwasumbua watu hewani, kinachoweza kuitwa mzigo bandia. Ni kikinzani cha omu 50, mara nyingine huzamishwa katika mafuta ili kisiungue. Mbele ya mita, mzigo bandia ndio antena kamili kuliko antena zote za dunia. Haurudishi hata chembe. Hauna haja ya mpatanishi. Unakubali kila uambiwalo, kwa masafa yoyote, usiku na mchana. Na hakuna mtu popote duniani anayesikia kitu.

Hapa ndipo suala la maadili linaposimama wazi. Mwanaadamu, akiwa mtawala, mwalimu, mume, mfasiri au mpatanishi, hupenda kupima mafanikio yake kwa kile kisichorudi. Malalamiko yakikoma, husema watu wameridhika. Mwanafunzi asipouliza, husema amefahamu. Msemo wa kwamba kimya ni ridhaa umewafaa wengi waliokuwa hawataki jawabu. Lakini kimya kina baba wawili. Kipo kimya cha wimbi lililopita mlangoni likafika, na kipo kimya cha wimbi lililomezwa na mchanga. Mwenye kupima kutoka upande wake peke yake hawezi kuwatambua baba hao, hata mita yake iwe ghali kiasi gani.

Haya si maneno ya kupitishia wakati. Tarehe 3 Disemba 2023 tope na mawe yaliporomoka kutoka Mlima Hanang yakaufunika mji wa Katesh, ulio chini ya kilomita 100 kutoka Babati, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Katika siku kama hizo barabara hufungwa na nguzo huanguka, na ndiyo maana kanuni za kimataifa zinahimiza nchi ziwaruhusu watu wa redio ya ridhaa kujiandaa kusaidia wakati wa maafa. Mwenye waya uliotundikwa mtini akishika kipaza sauti saa hiyo, hatauliza mita inasemaje. Atauliza kama kuna aliyemsikia. Na ikiwa miaka yote aliridhika na sindano iliyolala, bila ya kulifungua kopo hata mara moja kutazama kama duara imeungua, siku hiyo ndiyo atakayojua kuwa alikuwa akizungumza na mchanga.

Babati ina sababu nyengine ya kuitwa katika mjadala huu, nayo ni ya lugha. Mji na viunga vyake umezungukwa na Wagorowa na Wairaqw, ambao lugha zao ni za Kikushi. Na Wabarbaig, ambao lugha yao ni ya Kinilo. Na Wambugwe na Warangi, ambao lugha zao ni za Kibantu. Mbele kidogo, upande wa Ziwa Eyasi na upande wa Kondoa, wapo Wahadzabe na Wasandawe wenye lugha za vidoko. Kwa mgawanyo uliozoeleka tangu miaka ya 1960, hapa katika Bonde la Ufa ndipo mahali ambapo makundi yote manne makubwa ya lugha za Afrika yanakutana. Ni tafauti kubwa kuliko ile ya 50 na 2,450. Na kifaa kilichofungwa baina yao, sokoni, skulini, mahakamani na zahanati, ni Kiswahili, lugha iliyotoka pwani.

Watu wa pwani husikia fakhari wanapokumbushwa hilo, na wana haki. Lakini fakhari ya mpatanishi haina budi kuambatana na hesabu ya joto lake. Achukuliwe bibi kizee wa Kigorowa aliyefika zahanati. Mganga anamweleza kwa Kiswahili fasaha jinsi ya kunywa dawa, kisha anamuuliza, "Bibi, umeelewa?" Naye anajibu, "Ndiyo, mjukuu wangu." Sindano imelala. Huenda amefahamu kila neno. Huenda pia amejibu kwa adabu tu, kwa kuwa hakutaka kumchosha kijana wa watu, na maneno yote yameishia katika mchanga. "Ndiyo" yake haitofautishi. Angeombwa aeleze kwa maneno yake mwenyewe atakavyoitumia dawa hiyo, na aeleze kwa Kigorowa mbele ya mtu ajuaye lugha zote mbili, ndipo ingejulikana kilichofika. Tena yapo aliyokuja nayo yeye, maumivu yake yenye majina ya kwao. Hayo nayo yanahitaji kupita kuelekea upande wa mganga. Kiswahili kinachopeleka maagizo juu na hakishushi maumivu chini kinakuwa mzigo bandia wenye lafudhi nzuri.

Njia ya pili haikukosa wapitaji. Mathias Mnyampala alikuwa Mgogo wa Dodoma, mtu wa bara ambaye Kiswahili hakikuwa lugha ya mama yake. Aliipokea arudhi ya pwani, vina na mizani, na hakuimeza kimya kimya. Alirudisha ngonjera, mashairi ya kujibizana ambayo skuli nyingi za Tanzania zilikuja kuyaghani. Pwani ilipeleka, bara ikajibu, na ushairi ukaongezeka. Upo pia mfano wa njia ndefu. Shaaban Robert alimfikisha Omar Khayyam kwa wasomaji wa Kiswahili, lakini hakumchukua kutoka Kiajemi. Alimchukua kutoka Kiingereza cha Edward FitzGerald, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1859. Wapatanishi wawili walisimama mfululizo, na kila mmoja alikula fungu lake. Msomaji wa Kiswahili akiisoma kazi hiyo bila ya pingamizi, ulaini huo si ushahidi kuwa Khayyam amefika mzima. Na wala si ushahidi kuwa hakufika. Ni mwenye kujua Kiajemi, aliye upande wa pili, ndiye atakayesema.

Zanzibar imewahi kulipa gharama ya somo hili kwa jina lake hasa. Neno muafaka, ambalo lingefaa kabisa kuwa jina la kazi ifanywayo na duara ya feraiti, lilitiwa saini visiwani mwaka 1999. Baina ya saini hiyo na ya muafaka wa pili, Oktoba 2001, palimwagika damu mwezi Januari. Yakaja maridhiano ya 2009 na kura ya maoni ya Julai 2010. Historia hiyo ina wenyewe wa kuieleza kwa urefu. Kwa suala lililopo inatosha kusema kwamba karatasi iliyotulia mezani, karibu na wenye mitambo, haikutosha kuwa khabari ya yaliyokuwa yakitokea kwenye ncha za waya, katika vijiji na mitaa.

Yupo atakayepinga akisema: ikiwa kila upande unaachwa ulivyo na mzigo wote anatwishwa mpatanishi, je, hii si ruhusa ya ukaidi? Pingamizi lina uzito, na jawabu limo katika kazi yenyewe. Kabla ya kulifunga kopo, mtu wa Babati huupima waya wake na kuukata, kidogo kidogo, sentimita kwa sentimita, mpaka ulingane na masafa anayoyataka. Waya usiokatwa kwa kipimo hausaidiwi na duara yoyote. Utalazimishwa, utapasha moto, utakula. Kila upande una wajibu wa kujinyoosha nafsi yake kwanza, bila ya kuacha kuwa waya. Na mwenye kukaa jirani kwa muda mrefu hubadilika taratibu bila ya amri ya mtu. Wanaisimu wameona kwamba katika Kirangi na Kimbugwe, katika baadhi ya njeo, kitenzi kisaidizi huja nyuma ya kitenzi kikuu, jambo geni katika lugha za Kibantu, na wapo wanaolihusisha na ujirani wa lugha za Kikushi. Hivyo ndivyo tafauti zinavyolainishana kwa heshima. Mpatanishi si badala ya kujirekebisha; ni msaada wa yale yasiyoweza wala yasiyopasa kurekebishwa.

Basi mpatanishi ahukumiwe kwa mizani gani? Watu wa redio ya ridhaa wana desturi inayojibu. Wakikutana hewani, jambo la mwanzo wanaloambiana ni namna kila mmoja anavyomsikia mwenziwe, kwa tarakimu. Hakuna ajipaye alama mwenyewe. Na mazungumzo yakimalizika, kwa miaka mingi wamekuwa wakipelekeana kadi za posta, ziitwazo kadi za QSL, zenye tarehe, saa, masafa na herufi za mtu aliyesikiwa. Kadi hutoka kwa aliyepokea. Mwenye kusema anaweza kuwa na mlingoti mrefu, mtambo ghali na mita iliyolala usingizi, lakini bila ya neno la aliye upande wa pili hana cha kuonyesha.

Desturi hiyo ingeweza kuhamishiwa popote penye mpatanishi. Mfasiri asijisifu kwa kuwa kitabu kimesomeka bila ya kukwaza; amtafute aijuaye lugha ya asili, amwombe kadi yake. Mwalimu asihesabu vichwa vilivyotikisika. Mshenga asirudi na kimya akakiita kukubaliwa. Na mwenye kuongoza watu wa lugha nyingi, kama walivyo watu wa Babati, asiseme "hawakulalamika" mpaka awe ameuliza, kwa lugha yao, ni lipi lililowafikia na ni lipi walilotaka limfikie yeye. Jawabu likiwa chungu, hiyo nayo ni khabari njema ya aina yake, kwa kuwa ukuta unaorudisha angalau unasema kuwa upo. La kukhofiwa zaidi ni ule ufuko mpole, wenye mchanga laini, unaopokea kila wimbi na usiokuwa na neno.